Sabuni ya maziwa ya kondoo: maziwa yanaifanyia nini ngozi yako?

Siku hizi ukifungua simu hukosi tangazo la sabuni ya maziwa. Ya mbuzi imeshazoeleka, ya ngamia inaletwa na wanaosafiri Dubai, na sasa ya kondoo nayo imeingia, mara nyingi ikitoka Austria, Ujerumani, Bulgaria au Ugiriki. Sifa zake zinafanana kote: inalainisha, inaondoa chunusi, inatibu pumu ya ngozi, inafuta madoa, inang'arisha. Mteja akiuliza, "Dada, na haya mabaka ya mimba itayatoa?" anajibiwa, "Itayatoa mpenzi, hiyo ni asilia." Bei nayo ni mara kadhaa ya sabuni ya dukani.

Katika sifa hizo zipo za kweli na zipo za kumpoteza mtu, na zimesukwa pamoja kiasi kwamba hata muuzaji mwenye nia njema hajui ipi ni ipi. Msimamo wangu nauweka mapema: sabuni nzuri ya maziwa ya kondoo ni laini kwa ngozi, na ulaini huo una sababu inayoeleweka. Lakini si dawa, na sehemu kubwa ya ulaini wenyewe haitoki kwenye maziwa. Ili hilo likae sawa, tuanze na sabuni kabla ya kondoo.

Sabuni ni nini hasa

Sabuni ni mafuta yaliyokutanishwa na alkali kali. Mafuta yanaweza kuwa mawese, nazi, zeituni, alizeti au mafuta ya ng'ombe. Alkali ni ile kostiki soda inayouzwa kwenye maduka ya malighafi, ambayo wanakemia huiita sodiamu haidroksaidi. Vikikutana, chembe za mafuta huvunjika: asidi za mafuta hushikana na sodiamu na kuwa sabuni, na pembeni hubaki kimiminika kizito chenye utamu, yaani glisirini. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul ndiye aliyeeleza mambo haya kwa ufasaha mwanzoni mwa karne ya 19, ingawa watu walikuwa wamepika sabuni kwa majivu na mafuta kwa maelfu ya miaka kabla yake.

Hapo dai la kwanza linaanguka. Hakuna sabuni halisi isiyopitia alkali kali, hata ingepikwa na bibi kijijini kwa maji ya majivu. Anayesema sabuni yake haina kemikali hata moja, ama haelewi alichokitengeneza, ama hakuitengeneza mwenyewe. Na hilo si jambo la kuogopa. Vipimo vikiwa sahihi, kostiki yote hutumika katika kubadilisha mafuta, na kwenye kipande kilichokomaa haibaki. Cha kuogopa ni fundi anayekadiria kwa jicho badala ya mizani.

Sasa inasafishaje? Chembe ya sabuni ina pande mbili, mmoja hushikana na maji na mwingine hushikana na mafuta. Jasho, vumbi na mafuta ya mwilini hukamatwa upande mmoja, maji yakavuta upande wa pili, vyote vikaondoka. Shida ni kwamba sabuni haichagui. Inaondoa uchafu, na pamoja nao inaondoa mafuta ambayo ngozi imejitengenezea ili isipoteze maji yake.

Kuna na suala la pH, kipimo cha uasidi. Maji safi yako kwenye 7. Ngozi yenye afya huwa na asidi kidogo, kama 4.5 hadi 5.5. Sabuni halisi, iwe ya mche au ya maziwa ya kondoo, huwa 9 hadi 10. Kila ukioga unaitoa ngozi kwenye hali yake ya kawaida kwa muda, na mwenye ngozi nzima hurudi sawa baada ya saa chache bila kujua kuwa lolote limetokea. Lakini aliyezaliwa na ngozi kavu, mzee, muuguzi au mama lishe anayenawa mikono kutwa nzima, au anayeishi kwenye baridi ya Njombe au Limuru, hukuta ngozi haijarudi sawa na sabuni imegusa tena. Ndiyo unaona inakaza, inawasha, inapauka, inapasuka.

Kwa hiyo swali la kuuliza mbele ya sabuni yoyote si "ina vitamini gani". Ni hili: inaondoa mafuta ya ngozi kwa kiasi gani, na inaacha nini nyuma yake?

Maziwa ya kondoo yana nini

Yana utajiri, na hili si neno la biashara. Maziwa ya ng'ombe yana mafuta kama asilimia 3.5 hadi 4, na protini kama 3.3. Ya kondoo yana mafuta kama asilimia 6 hadi 7 na protini kama 5.5. Sukari ya maziwa, laktosi, haitofautiani sana. Ndiyo maana wafugaji wa Ulaya huyageuza jibini zaidi kuliko kuyanywa: Roquefort ya Ufaransa, feta ya Ugiriki na pecorino ya Italia zote zinatokana na kondoo. Wana mbegu za kondoo wa maziwa hasa, kama Lacaune wa Ufaransa na Awassi wa Mashariki ya Kati. Huku kwetu kondoo ni wa nyama. Yule kondoo mwekundu wa Wamasai anasifika duniani kwa kustahimili minyoo ya tumbo, lakini maziwa yake ni ya kumtosha mwanawe tu. Kwa sababu hiyo sabuni hii inatujia kutoka nje, na tuliyozoea kuijua kwenye kondoo wetu ni mafuta ya mkia, ambayo wazee wamekuwa wakiyatumia kuchua.

Tukutane na maziwa hayo kwenye karakana. Fundi anayetumia njia baridi, ile isiyochemsha, hamimini kostiki kwenye maziwa ya uvuguvugu. Anayagandisha kwanza mpaka yawe vipande vya barafu, kisha ananyunyiza kostiki kidogo kidogo huku akikoroga. Kostiki ikigusa maji hutoa joto kali, na barafu ndiyo inayolipoza. Akiharakisha, maziwa meupe hugeuka njano, yakawa rangi ya chungwa, kisha kahawia, kwa kuwa laktosi inaungua. Harufu ya amonia nayo hupanda na kuchoma pua, maana protini inavunjika. Kisha anamimina mchanganyiko huo kwenye mafuta, anakoroga mpaka uwe mzito kama uji, anaweka kwenye umbo. Baada ya siku moja au mbili hukata vipande na kuvianika kivulini wiki nne hadi sita ili maji yapungue na sabuni iwe ngumu.

Umeona kilichotokea? Maziwa yaliyoingia si maziwa yaliyotoka. Sehemu ya mafuta yake yamekuwa sabuni, protini zimekatikakatika, sukari imebadilika rangi. Anayesema kwamba kuoga na kipande hicho ni sawa na kujipaka maziwa mabichi hajasimama karibu na ndoo.

Hesabu ndogo

Hapa ndipo mambo yanapokuwa wazi zaidi kuliko maneno, kwa hiyo nivumilie. Chukua kilo moja ya mafuta ya mimea, kostiki kama gramu 140, na maziwa ya kondoo gramu 300 badala ya maji. Hicho ni kipimo cha kawaida. Kwenye maziwa hayo kuna mafuta kama gramu 20, protini kama gramu 16 na laktosi kama gramu 14. Sabuni ikikauka inabaki kama kilo 1.3. Gawanya, utakuta kipande cha gramu 100 kina mafuta ya maziwa gramu moja na nusu hivi, protini gramu moja na kidogo, na sukari gramu moja. Kipande hicho utakitumia wiki kadhaa, na kila mara utakisuuza baada ya dakika moja.

Ni kidogo, lakini si bure. Fundi mzuri huweka kostiki pungufu kwa makusudi, tuseme asilimia 5, ili gramu 50 za mafuta katika ile kilo zisigeuke sabuni. Mafuta hayo ndiyo yanayopunguza ukali. Sasa ongeza gramu 20 za mafuta ya kondoo ambazo hazikuwa kwenye hesabu ya kostiki: akiba imepanda kutoka 50 hadi 70. Angetumia maziwa ya ng'ombe ingepanda hadi 60 tu na kidogo. Hiyo ndiyo faida halisi ya maziwa ya kondoo, na inahisika mkononi: povu zito na laini, ngozi isiyokaza unapojifuta.

Laktosi nayo huongeza povu, jambo ambalo mafundi wanalijua hata kwa sukari ya kawaida. Maziwa yakiwa yamechachuka kidogo, asidi yake ikikutana na kostiki hugeuka laktati ya sodiamu, chumvi inayokifanya kipande kiwe kigumu na yenye tabia ya kushika unyevu.

Lakini mshindi mkubwa kwenye kipande hicho hajatajwa kwenye tangazo. Ni glisirini. Kilo moja ya mafuta inatoa glisirini karibu gramu 100, mara tano ya mafuta ya maziwa yaliyoingia, na kazi yake ni kuvuta maji na kuyashika. Viwanda vikubwa vingi huitoa na kuiuza kwa watengenezaji wa dawa na vipodozi. Fundi wa njia baridi hana mtambo wa kuitenga, hivyo inabaki yote ndani. Mtu aliyehama kutoka sabuni ya kiwandani kwenda sabuni ya maziwa ya kondoo akaona ngozi imetulia, mara nyingi ameonja glisirini na akiba ya mafuta, sifa akampa kondoo. Sabuni ya mkono ya mzeituni isiyo na tone la maziwa ingemfanyia karibu yaleyale.

Asidi, vitamini na lanolini

Dai linalosikika kisomi zaidi ni la asidi ya laktiki. Ni kweli asidi hiyo iko kwenye maziwa yaliyochachuka, na ni kweli wataalamu wa ngozi huitumia kuondoa seli zilizokufa. Lakini hufanya kazi hiyo ikiwa bado asidi. Kamulia ndimu kwenye maji ya magadi: yatachemka kwa povu, kisha onja, uchachu haupo. Ndivyo ilivyo kwenye sabuni. Kwenye pH ya 9 hakuna asidi ya laktiki iliyosalia, iko ile chumvi yake tu. Inashika unyevu, haibandui chochote. Ngozi yako ikitoka magamba kwa sabuni ya maziwa, hiyo si asidi inayofanya kazi, ni ukavu.

Vitamini A ipo kwenye maziwa ya kondoo, na ina kisa kizuri. Mafuta ya maziwa ya ng'ombe huwa na umanjano kwa sababu ya karotini ya majani. Kondoo huigeuza karibu karotini yote kuwa vitamini A, ndiyo maana maziwa yake ni meupe pe. Ni habari njema kwa anayeyanywa. Kwenye sabuni, kiasi kilichoponea kwenye alkali ni kidogo mno na kinaondoka na maji ya kuogea.

Wengine husema sabuni hii ina lanolini. Lanolini ni mafuta ya sufu, hutolewa manyoya ya kondoo yanapofuliwa. Haimo kwenye maziwa. Kama imo kwenye sabuni, basi fundi ameiongeza, na ni kilainishi kizuri, isipokuwa kwa wachache wenye mzio nayo.

Kuhusu kuua vijidudu, sabuni ya kawaida na maji vinatosha kuviondoa mwilini. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipiga marufuku kemikali 19 za kuua bakteria kwenye sabuni za kunawia, ikiwamo triklosani, kwa kuwa watengenezaji hawakuweza kuonyesha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida. Fangasi na mapunye yanataka dawa ya fangasi.

Pumu ya ngozi: hapa tusitanie

Hili ndilo dai linaloniumiza, kwa sababu wanaolifuata mara nyingi ni akina mama wenye watoto wanaojikuna usiku kucha. Ngozi yenye pumu ina nyufa ndogo ndogo, haishiki maji, na inaruhusu vitu vya nje kupenya. Sabuni yoyote halisi, hata iliyo laini, ina pH isiyoifaa. Ushauri wa kawaida wa madaktari ni kuosha kwa visafishio visivyo sabuni na kupaka kilainishi kingi ngozi ikiwa bado mbichi.

Na kuna hatari ambayo matangazo hayaitaji: protini ya chakula ikipenya mara kwa mara kwenye ngozi yenye nyufa inaweza kuufundisha mwili kuiona kama adui. Mwaka 2014 madaktari wa Australia walichapisha habari za mgonjwa aliyepata mzio mkali alipokula jibini la mbuzi, baada ya kuwa amejipaka kilainishi chenye maziwa ya mbuzi. Japani ilipata somo kubwa zaidi: sabuni ya uso iliyotiwa protini ya ngano iliyokatwakatwa ilisababisha zaidi ya watu 2,000 wapate mzio wa ngano, na ikaondolewa sokoni mwaka 2011. Sabuni, kitu cha kusuuza, na bado watu hawakuweza kula mkate.

Sisemi kila sabuni ya maziwa italeta hayo. Mwenye ngozi nzima hana sababu ya kuhofu. Lakini mtoto mwenye pumu ya ngozi, au mwenye mzio wa maziwa, usimpake maziwa ya mnyama yeyote kwa jina la asilia. Mpeleke kliniki ya ngozi.

Na kung'arisha?

Weupe wa maziwa hauhamii kwenye ngozi. Rangi yetu inatoka kwa melanini, inayotengenezwa ndani ya ngozi, na hakuna kitu kwenye maziwa ya kondoo kinachoifikia hiyo melanini kwa dakika moja ya povu. Hata hivyo, wanaosema "nimeng'aa" mara nyingi hawadanganyi. Ngozi nyeusi ikikauka hupauka, inaonekana ya kijivu, kama ina vumbi, hasa magotini, viwikoni na kwenye miundi ya miguu. Ukiacha sabuni kali, unyevu ukarudi, ule ukijivu unaondoka na rangi yako mwenyewe inajitokeza ikiwa na mng'ao. Huko si kuwa mweupe. Ni kuwa wewe, ukiwa na ngozi isiyo na kiu.

Lakini kama sabuni ya maziwa imekubadilisha rangi ndani ya wiki mbili tatu, iache leo. Maziwa hayawezi kazi hiyo. Zebaki inaweza, haidrokwinoni inaweza, na dawa kali za steroidi zinaweza. Zebaki hupenya kwenye ngozi na kuharibu figo, na ya mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Mkataba wa Minamata umeipiga marufuku kwenye vipodozi, na Tanzania, Kenya na Rwanda nazo zimeikataza, lakini mkorogo haubishi hodi: unaweza kuvaa jina lolote, hata la kondoo mpole kwenye karatasi ya kijani.

Ukitaka kuinunua

Geuza kipande usome nyuma. Kwenye vipodozi vinavyouzwa Ulaya, viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kizito kikitangulia, na vilivyo chini ya asilimia moja huweza kufuata mpangilio wowote mwishoni. Tafuta neno parfum, yaani manukato. Maziwa yakiwa yametajwa baada yake, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni ya kupaka jina tu. Ukiona sodium palmate mwanzoni, hayo ni mawese yaliyokwisha kuwa sabuni, na sodium cocoate ni nazi. Sodium tallowate ni mafuta ya ng'ombe au kondoo, na sodium lardate ni ya nguruwe, jambo ambalo Waislamu wengi wangependa kulijua kabla ya kufungua pochi.

Sabuni nyingi za kondoo kutoka Austria na Ujerumani hazitengenezwi kwa njia baridi niliyoeleza. Kiwanda huchukua chembechembe za sabuni iliyo tayari, huchanganya na maziwa, mara nyingi ya unga, kisha hukandamiza. Hapo maziwa hayakuunguzwa na kostiki, na kipande kinakuwa kigumu na kinadumu, ila glisirini huenda ilishatolewa mapema, isipokuwa imeongezwa tena na kuandikwa. Njia zote mbili ni halali. Isiyo halali kwangu ni ya mtu anayekwangua vipande vya sabuni za dukani, anaviyeyusha, anamwagia maziwa mabichi na kuviuza kesho yake. Maziwa hayo yanaweza kuoza ndani ya kipande, na kama yalitoka kwa mnyama mwenye ugonjwa wa kutupa mimba, yule anayeyashika kwa mikono yenye michubuko ndiye wa kwanza kuwa hatarini.

Ukiwa unatumia maji ya kisima yenye chumvi, kama ilivyo Dodoma na sehemu nyingi za pwani, usishangae povu likikataa na ngozi ikibaki na utando. Madini ya maji hayo hushikana na sabuni yoyote halisi, hata ya kondoo. Maji ya mvua kwa suuza ya mwisho husaidia kuliko kununua sabuni ya bei kubwa zaidi. Na sabuni iwe laini namna gani, mafuta ya kupaka ndani ya dakika chache baada ya kujifuta, ngozi ikiwa na unyevu bado, yanafanya kazi ambayo haiwezi kufanywa na kitu kinachosuuzwa.

Kipande chenyewe kiweke kwenye chombo chenye matundu, mbali na jua na mbali na maji yanayotuama, kwa kuwa glisirini inayokulainisha wewe inavuta unyevu na kukilainisha chenyewe pia. Usinunue cha kukaa miaka. Ile akiba ya mafuta yasiyogeuka sabuni huchacha kama mafuta mengine. Ukiona madoa ya rangi ya chungwa juu yake na harufu ya mafuta ya kukaangia yaliyozeeka, acha kuogea, kitumie kufulia matambara.